Ndama Watatu wa Nyumba ya Conjesta

Miriamu binti Mabula alikuwa na ugonjwa mmoja, na haukuwa ujinga. Alitaka baba yake amsikilize. Ana shahada mbili, anaweza kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi alasiri bila kuinuka hata kunywa maji, lakini bado alitaka mzee mmoja wa Ndalambo, asiyejua kusoma, amgeuzie shingo anapozungumza. Kwa tamaa hiyo ndogo aliifunga nyumba ya mama yake mzazi, na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha.

Mabula alifika bonde la Momba miaka mingi iliyopita kutoka Usukuma, akiswaga ng'ombe kwa miguu, mke wake Conjesta akimfuata na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Sadock, kaka yake Miriamu. Walipopata malisho na mahali pa kujenga, Mabula akaoa mke wa pili, Loisi, Mnyamwanga wa palepale Ndalambo. Mji ukawa na nyumba mbili, na kwa desturi aliyoachiwa Mabula na baba yake, kila nyumba ikawa na ng'ombe wake. Wa Conjesta walikuwa uzao wa jike mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe, aliyetembea nao njia nzima kutoka Usukuma. Maziwa yao yalikuwa ya watoto wa Conjesta, na siku Sadock atakapooa, mahari ingetoka humo humo. Wa Loisi walikuwa wengi zaidi, walionunuliwa kwa wenyeji. Mwanamke asiye na ng'ombe katika mji ule alikuwa mgeni anayepika.

Miriamu alisomeshwa na mjomba wake, maana Mabula alikwisha kusema kwamba mtoto anayetaka kuwajua ng'ombe aende akachunge. Alipomaliza chuo alipewa kazi ya mkataba na Daktari Osea, mhadhiri wake wa zamani, aliyekuwa akitafuta kwa nini ndama mmoja akipata ndigana, homa inayoletwa na kupe, hufa na mwenzake husimama. Ndalambo hakuna mtandao wa kutegemea, kwa hiyo Miriamu akapanga chumba Tunduma, nyuma ya duka la spea za malori la Mwanamvita, mama mtu mzima kutoka Tanga. Mbele wateja wa Zambia wakibishana bei za bolti kwa Kibemba na Kiswahili cha kuokoteza, nyuma Miriamu akisoma damu ya ng'ombe kwenye kioo.

Kazi yenyewe haishikiki kwa mkono. Ndani ya mwili wa ng'ombe, kama ndani ya mwili wa mtu, kila jeni hutoa ujumbe wa kutengeneza kitu fulani, na ujumbe huo una mkia. Kisha kuna vipande vifupi mno, vya herufi ishirini na mbili hivi, vinavyoitwa mikroRNA. Vyenyewe havitengenezi chochote. Kazi yao ni kuushika mkia wa ujumbe na kuunyamazisha. Ili kipande kishike vizuri, herufi saba za mwanzoni mwake hutakiwa zioane na herufi saba za kwenye mkia. Kompyuta ya Miriamu ilipita kwenye mikia ya jeni zote za ng'ombe, maelfu kwa maelfu, ikitafuta mahali ambapo saba zinakaa na saba. Ikishapata, inapima: je, mahali hapo pamebaki vilevile kwa kondoo, kwa panya, kwa binadamu? Je, mkia umejikunja hapo au uko wazi? Mwisho hutoa orodha ndefu, kila jina na alama yake. Hiyo ni orodha ya watuhumiwa. Wengi wao hawana kosa lolote, na Miriamu alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya Tunduma na Vwawa, ndiyo maana hatuna sababu ya kumtetea.

Mwezi wa nne alikwenda nyumbani kutoa damu. Conjesta alimwachia ndama wake wote kumi na mmoja, akawashika mwenyewe shingoni mmoja mmoja wakati binti yake akichoma sindano na kuwavisha hereni za njano zenye namba zisizofuatana. Fomu ya Daktari Osea ilitaka jinsia, umri na mama wa kila ndama. Miriamu alikuwa akiuliza bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Na huyu?"

"Wangu," Conjesta alijibu.

"Na huyu mdogo?"

"Wangu pia. Wote hawa wangu."

Kwenye safu ya mama Miriamu akaandika, mara kumi na moja, uzao wa tumbo jeupe. Kwa mama yake mdogo hakupata zaidi ya ndama wawili. Loisi alimwona akijaza damu kwenye vichupa, akauliza inapelekwa wapi, akaambiwa inapelekwa mbali, akafunga mlango wa zizi.

Majibu yalipofika, Miriamu alikaa nayo wiki tatu. Katika ndama kumi na watatu, watatu walikuwa na herufi moja iliyobadilika, kwenye mkia wa ujumbe unaoamsha kinga ya mwili dhidi ya ndigana. Kwa herufi hiyo moja, saba zilikaa na saba. Kwa ndama wengine mikroRNA ilipita bila kushika, lakini kwa hao watatu ilishika barabara, na alama iliyotolewa na programu ilikuwa ya juu kuliko zote kwenye orodha. Namba kumi na nne, kumi na saba na ishirini na mbili. Wote watatu walikuwa wa nyumba ya Conjesta, na wale wawili wa Loisi hawakuwa nayo. Miriamu akachora mstari mnyoofu kutoka kwa hao watatu hadi kwa bibi yao wa tumbo jeupe, akaridhika nao.

Katika ripoti aliyompelekea Daktari Osea alitumia neno "huenda" mara kumi na moja. Daktari Osea akajibu kwa mistari miwili: kazi nzuri, asimwambie mtu, maabara ijaribu kwanza.

Jumapili moja ya mwezi wa nane alikuwa nyumbani. Baba yake alikuwa na wageni, wafugaji wenzake watatu kutoka upande wa pili wa mto, wamekaa kwenye magogo karibu na zizi wakinywa chai. Mabula alipomwona binti yake akipita, akamwita kwa sauti ya kuchekesha watu.

"Huyu ndiye daktari wangu wa ng'ombe. Kupe hajui kumtoa, lakini ng'ombe anawajua wakiwa ndani ya kompyuta. Hebu waambie wazee, Miriamu, hiyo mashine imekuonyesha nini?"

Wazee wakacheka. Miriamu alikuwa amechekwa hivyo tangu darasa la tano, na siku hiyo ilimfika shingoni.

"Imenionyesha kwamba ng'ombe wa nyumba ya mama wana kasoro kwenye damu," alisema. "Wameirithi kwa bibi yao yule tumbo jeupe. Ndigana ikipita mvua hizi, ndama wao hawasimami."

Kicheko kikakatika. Mabula akaweka kikombe chini.

"Wote?"

"Uzao wote."

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

Na Mabula akamsogezea gogo akae. Akamuuliza damu inasomwaje, akamsikiliza hadi mwisho, akawageukia wageni na kuwaambia, mmesikia. Ile "huenda" iliyoandikwa mara kumi na moja haikutamkwa hata mara moja. Miriamu alikuwa na furaha ya kweli, tusimnyime hilo. Conjesta alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi na ndoo ya maziwa, na alibaki amesimama hivyo hivyo mpaka wageni walipoaga.

Wiki ya pili yake Sadock akapiga simu Tunduma.

"Mzee anauza ng'ombe wa mama. Wote, wakubwa kwa ndama. Anasema afadhali wachinjwe wakiwa na nyama kuliko kufa bure. Mama amekataa, ameambiwa ni mwanao mwenyewe aliyesema. Sasa nikuulize wewe dada, ni kweli?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa bado wazi. Miriamu angeweza kupanda basi. Angeweza hata kusema kwenye simu ile ile kwamba maabara bado. Lakini angelazimika kumwambia baba yake kwamba siku ile mbele ya wazee alizidisha, na gogo lile lingerudishwa mahali pake.

"Kitaalamu ndivyo inavyoonekana," alimwambia kaka yake.

Siku tatu baadaye alitoka nje ya duka kununua chapati, akaikuta fuso ya ng'ombe imekwama nyuma ya foleni ya malori ya mpakani. Walikuwa wamebanana, vichwa juu ya mbao. Kati yao kulikuwa na majike wawili weusi wenye matumbo meupe, na ndama mwenye hereni ya njano namba tisa, aliyomvisha kwa mkono wake. Mwanamvita alikuwa amesimama mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Ng'ombe wazuri hao," alisema. "Nani anauza ng'ombe kama hao, tena na ndama wao?"

"Ni wagonjwa," Miriamu alisema.

"Mbona hawaonekani?"

"Ni kwa ndani, mama."

Foleni ikasogea na fuso ikasogea nayo. Miriamu alinunua chapati zake akarudi kazini.

Mabula aliahidi kwamba nyumba ya Conjesta itanunuliwa wengine, wasio na kasoro, mvua zikiisha. Wakati wa kungoja mvua, wale waliouzwa waligeuka bati jipya la nyumba ya Loisi na pikipiki ya mdogo wake Loisi. Sadock alikuwa amekwisha kupeleka barua ya posa kwa wazazi wa msichana mmoja aitwaye Priska, na ng'ombe walikuwa wametajwa kwa rangi zao mmoja mmoja. Mwezi wa kumi Priska akaolewa kijiji cha Ruanda, upande wa Vwawa, kwa mtu mwenye shamba la kahawa. Sadock hakumtukana dada yake. Aliacha tu kumpigia simu. Na Conjesta akawa anakwenda na kikombe mlangoni kwa mke mwenzake kila asubuhi kuomba maziwa ya chai, siku nyingine akipewa, siku nyingine akiambiwa ndama hawajashiba.

Daktari Osea alipiga simu mwezi wa kumi na moja, mchana, sauti imejaa furaha.

"Miriamu, umepatia. Tumeuchukua mkia ule tukauunganisha na jeni ya mwanga wa kimulimuli. Tulipoweka mikroRNA yako, mwanga ukazimika. Tulipoirudisha ile herufi moja kama ilivyo kwa ng'ombe wengine, ukawaka. Tumerudia mara nne. Miaka yangu yote ya kazi sijapata utabiri uliokaa sawa namna hii."

Miriamu alikaa kitandani. Alishukuru. Kwa muda wa kupumua mara mbili hivi alikuwa mtu asiye na deni kwa yeyote, maana kama ni kweli, basi ng'ombe walikuwa wa kuuzwa kweli.

"Kuna kitu kidogo cha kurekebisha," Daktari Osea aliendelea. "Wale watatu wenye herufi hawana undugu na wale wanane wengine. Damu inasema ni ukoo mwingine kabisa, jirani na wale wawili wa mama yako mdogo. Kwenye fomu umewaandika wote uzao mmoja. Rekebisha safu ya mama, tutume makala."

"Na wale wanane, Daktari?"

"Hao nilitaka kukuomba. Ni ng'ombe wa ajabu. Kinga yao inaamka mapema kuliko ng'ombe wote tuliowahi kuwapima. Nataka tukatoe damu tena, kwa mama zao pia. Bado wapo, si ndiyo?"

Miriamu alisema mtandao unakatika, akazima simu.

Kesho yake alikuwa Ndalambo kabla ya saa sita. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, anapukuchua mahindi ya mbegu. Miriamu alimwamkia, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Mama, wale ndama watatu wadogo, wenye hereni kumi na nne, kumi na saba na ishirini na mbili. Walizaliwa na ng'ombe gani?"

"Wa Loisi," Conjesta alisema, vidole vikiendelea na gunzi. "Krismasi ile alipolazwa, mimba yake ilipoharibika. Ng'ombe wake walikataa mikono ya mtu mwingine, hakukuwa na wa kuwafungulia ndama wanyonye, wakawa wanakufa njaa zizini. Nikawachukua watatu waliokuwa na hali mbaya nikawaweka kwa wangu. Wewe ulikuwa likizo. Uliwanywesha kwa chupa ya soda wiki nzima."

Alikumbuka. Alikumbuka hata ulimi wa mmoja wao, mkavu, ukizunguka kidole chake.

"Mbona nilipokuuliza ulisema ni wako?"

"Ni wangu. Ndama aliyelelewa kwenye nyumba yangu nimwiteje? Hata Loisi hawezi kufungua mdomo kusema ni wake, wala baba yako. Atakuwa amenitukana. Wewe umekulia humu humu, hujui?"

Alijua. Mtoto wa miaka sita wa mji ule alijua. Lakini fomu ilisema mama, na Miriamu mwenye shahada mbili aliuliza kama mtu aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile.

"Kwa hiyo wale wengine wanane?" Conjesta aliuliza.

"Walikuwa wazima, mama. Walikuwa wazima kuliko wote."

Conjesta aliweka gunzi chini, akachukua lingine.

"Hiyo mashine ilisema ng'ombe wa Conjesta?"

"Haikusema hivyo. Ilisema namba."

"Jina langu nani aliliweka?"

"Mimi."

"Basi," Conjesta alisema. "Vuta ungo karibu, unamwaga."

Angalau alikwenda kwa baba yake, na alikwenda bila kungoja jioni. Alimweleza mbele ya Loisi kwamba herufi ile iko kwenye ng'ombe wa nyumba ya Loisi, na kwamba hakuna haja ya kumuuza hata mmoja. Ndama wachanjwe tu kabla mvua hazijachanganya. Alisema "huenda" na "inaonekana" na "nadhani". Alisema kila kitu alichopaswa kusema mwezi wa nane.

Mabula alimsikiliza akiwa amesimama.

"Siku ile ulikuwa na hakika," alisema. "Wazee watatu ni mashahidi. Nyumba ya mama yako umekwisha kuimaliza, sasa umerudi kwa hii nyingine?"

"Mama yake kamtuma," Loisi alisema taratibu, kama anayeeleza habari za hali ya hewa. "Mwanamke akikosa ng'ombe, hapendi kuona wa mwenzake."

"Hakuna atakayemchoma sindano ng'ombe wangu," Mabula akamaliza. Gogo lilikuwa palepale karibu na zizi, lakini hakuonyeshwa akae.

Mvua zilikuja nzuri, nyasi zikapanda hadi kiunoni na kupe nao. Mwezi wa kwanza ndama wa kwanza wa Loisi alivimba matezi, akakohoa, akatoa povu puani na kulala. Wakafuata wengine. Bwana mifugo alifika na dawa mara mbili. Waliopona wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Majike nao hawakusalimika wote. Loisi alilia ndama watano wa kwanza, kisha akaacha, akawa anapita tu kando ya zizi na kanga mdomoni. Mabula alikoma kuwaita wageni. Hakumwambia binti yake kwamba alikuwa sahihi, na Miriamu hakuwa na uso wa kulitaka neno hilo tena.

Alikuwa amerudi kukaa nyumbani. Mkataba wa Daktari Osea uliisha, makala ikatoka, jina lake likiwa la pili, na safu ya mama imerekebishwa.

Siku moja asubuhi jike mmoja wa Loisi alikufa na kuacha ndama wa mwezi mmoja. Loisi alimtazama yule ndama, akaingia ndani. Conjesta akaja, akamwinua mikononi kama furushi la kuni, akamvusha uwanja hadi mlangoni kwake. Mabula alikuwa amekaa nje.

"Ndama wa nani huyo?" aliuliza, ingawa alikuwa ameona.

"Wangu," Conjesta alisema.

Conjesta alimlaza ndama kwenye gunia, akamwambia Miriamu alete chupa. Alikuwa na uso ambao binti yake hakuwa ameuona tangu mwezi wa nane. Nyumba ilikuwa na ng'ombe tena. Akapitisha mkono shingoni mwa ndama, taratibu, hadi chini ya sikio, vidole vikakaa pale kidogo, kisha akavitoa. Miriamu alipopiga magoti na chupa naye akapitisha vidole palepale. Tezi lilikuwepo, limevimba, dogo kama punje ya hindi.

"Wewe unayajua mambo yao ya ndani," Conjesta alisema, akimtazama ndama. "Huyu ataishi?"

"Huenda, mama," Miriamu alisema.

Conjesta akaichukua ile chupa mkononi mwake, akaanza kumnywesha.